Mtoto Baada ya Talaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, talaka inapotamkwa hutajwa mume na mke. Yuko wa tatu ambaye hatajwi, naye ndiye anayeibeba kwa muda mrefu zaidi. Huyo ni mtoto.

Zamani katika miji yetu ya pwani, mke aliyeachwa alirejea kwao, na nyumba ya kwao aghalabu ilijaa watu. Mtoto alimkuta huko bibi, mjomba, mama mdogo na watoto wa rika lake, na baba alikuwa mtaa wa pili. Ndoa ilivunjika, lakini malezi yalikuwa na wenyewe. Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya kupanga, mume, mke na watoto tu, na jamaa wako mbali. Ndoa hiyo ikivunjika, baba huhama, pengine hata kuvuka bahari, na mama hutoka alfajiri kutafuta riziki. Mtoto humkosa mzazi mmoja kwa talaka, na wa pili kwa kazi.

Mara nyingi mwalimu wa chuo ndiye wa kwanza kuziona dalili. Aliyekuwa akihifadhi vyema huanza kusahau, mchangamfu hunyamaza, mpole hupigana, na mdogo aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani hurudia. Huo si ukaidi wa kutibiwa kwa bakora. Mtoto mdogo huweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyewatenganisha wazazi wake, na ugomvi wao usiokwisha humdhuru kuliko kuachana kwenyewe.

Sheria yetu haikumsahau. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mzazi yeyote, mama au baba, kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, na amemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumlea mtoto mdogo, akitimiza masharti yake, hadi mtoto afikie kupambanua mambo, yapata miaka 7. Kisha mtoto huchagua. Lakini masurufu ni juu ya baba, mtoto akae kwa yeyote. Anayeyazuia ili amkomoe mama, amemkomoa mwanawe.

Tumkumbuke Mtume wetu (S.A.W.). Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake alipokuwa na miaka 6, na babu yake Abdul-Muttalib alipokuwa na miaka 8. Kila mlango ulipofungwa, mwingine ulifunguliwa, hata akalelewa na ami yake Abu Talib. Basi mtoto huweza kustawi nje ya nyumba ya wazazi wawili, madhali yuko mtu mzima wa kumtegemea.

Kwa hiyo, enyi akina baba, wekeni siku ya kuwaona watoto wenu, nanyi msiivunje. Enyi akina mama, msiwazuilie baba yao bila ya sababu ya haki. Nyote, msimtume mtoto maneno ya ugomvi, wala msimtukane mzazi wake mbele yake. Nasi wengine, ami, wajomba na majirani, tusingoje kuombwa, tubishe hodi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuichunga amana hii. Amin.