Msitu wa Mau: Tule Faida, Tusile Mtaji

Tufunguapo mifereji majumbani mwetu Mombasa, ni nadra kukumbuka kwamba sehemu ya maji hayo hutoka chemchemi za Mzima, zinazolishwa na mvua ya vilima vya Chyulu, mbali na bahari. Ndugu zetu wa Nakuru nao wana vilima vyao: msitu wa Mau.

Mau, wenye takriban hekta 400,000, ni mkubwa kuliko vyanzo vingine vikuu vya maji nchini Kenya. Humo huanzia mito ya Njoro, Makalia na Nderit, iingiayo Ziwa Nakuru, na mto Mara uendao hadi Ziwa Viktoria. Miti huipokea mvua, nayo ardhi iliyofunikwa na majani huyanywa maji taratibu na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Msitu ukifyekwa, maji hukimbia na udongo, kisha mto hukauka.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi za misitu, na zaidi ya 35,000 kati ya hizo zilikuwa Mau Mashariki, juu ya Nakuru. Mto Njoro, uliozoeleka kutiririka mwaka mzima, ukawa hukatika majira ya ukame. Mto unapokatika, mzigo huwaangukia kwanza akina mama na mabinti wenye ndoo.

Je, dawa ni kuufunga msitu? La. Mfanyabiashara mwenye busara hula faida, mtaji akauacha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wanaoishi jirani na msitu kuunda vyama vya kijamii na kushirikiana na serikali katika kuutunza. Kwa makubaliano maalumu, huokota kuni zilizokauka, hulisha mifugo na hufuga nyuki. Kwenye mashamba ya miti ya mbao hupanda viazi na maharagwe kati ya miche, wakiipalilia hadi ikue. Msitu wa asili, unaohifadhi maji, hauguswi kwa shoka.

Uhifadhi pia una haki zake. Waogiek wameishi Mau kwa vizazi vingi, wakirina asali. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba kuhifadhi msitu hakukuwa sababu ya kutosha ya kuwafukuza. Anayeishi kwa asali ana kila sababu ya kuutunza mti.

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa msitu, tuongeze swali la pili: mla kesho atakula nini? Basi kabla ya kununua gunia la makaa au kitanda cha mwari wetu, tumuulize muuzaji miti hiyo ilikatwa wapi, na kama mingine ilipandwa mahali pake. Wajukuu zetu nao watafungua mifereji.