Damu ya Mzee Haimo Kwenye Orodha ya Kiwanda

Mteja anayetaka gari jipya la rangi ya damu ya mzee ana shida mbili. Ya kwanza ni kwamba gari hilo kwa kawaida halipo yadi. Ya pili, na ndiyo inayomgharimu zaidi, ni kwamba viwandani hakuna rangi inayoitwa hivyo. Toyota wamewahi kuwa na nyekundu ya namba 3R3. Mazda wana 46V. Kwa jicho la mpita njia wa Kariakoo zote mbili zaweza kuitwa damu ya mzee, lakini ziegeshe pamoja juani uone kama zinafanana.

Jambo hili linaonekana dogo hadi fedha zitoke mfukoni. Katika biashara ya magari mapya, jina la rangi ni maongezi tu. Kinachotengenezwa, kusafirishwa na kukabidhiwa ni namba.

Wengi wetu tumezoea magari ya mtumba kutoka Japani. Huko unachagua gari ambalo tayari lipo: unaona picha zake mtandaoni, ukiipenda rangi unalipa, ukiichukia unatafuta jingine. Gari jipya halinunuliwi hivyo. Wakala aliyeko Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam hana kiwanda, ana mgao. Hutuma oda kwa mtengenezaji akikisia miezi kadhaa mbele: modeli zipi, injini zipi, rangi zipi. Gari likikaa yadi bila mnunuzi, fedha iliyolinunua inaendelea kulipiwa riba benki. Kwa hiyo wakala hukisia kwa tahadhari, na tahadhari yake ina rangi: nyeupe, fedha, kijivu, pengine nyeusi.

Ukitaka nje ya hapo, ofisa mauzo atatazama kwanza magari yaliyomo melini au bandarini ambayo bado hayana mwenyewe. Akikosa, atauliza tawi jingine au wakala mwenzake kama wanaweza kubadilishana. Akikosa tena, ndipo anaomba nafasi kwenye ratiba ya uzalishaji, na hapo unahesabu miezi: gari liundwe, lingoje meli, lisafiri, litolewe bandarini, likaguliwe, lisajiliwe. Rangi inaweza kubadilishwa mpaka siku ratiba inapofungwa. Baada ya siku hiyo, hata meneja mkuu akipiga simu hakuna wa kumsaidia.

Kwa nini kiwanda hakipendi kusumbuliwa kwa ajili ya gari moja? Jibu liko kwenye karakana ya rangi. Bodi tupu ya chuma huoshwa, huzamishwa kwenye dimbwi la dawa ya kuzuia kutu huku umeme ukipitishwa ili dawa ishike kila pembe, kisha hupigwa rangi ya msingi, rangi yenyewe, na tabaka la mwisho linalong'aa, ikipita kwenye majiko ya kukaushia njiani. Tabaka zote zikijumlishwa ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Kila rangi inapobadilishwa, mashine za kupulizia lazima zisafishwe, na rangi iliyobaki ndani inamwagwa. Ndiyo maana viwanda hupanga bodi za rangi moja zifuatane. Gari moja la kijani katikati ya msururu wa meupe ni hasara, na hasara hiyo lazima mtu ailipe.

Mvutano huu ni wa tangu enzi za Henry Ford. Ford Model T ilipoanza kuuzwa mwaka 1908 ilikuwa na rangi kadhaa. Kuanzia 1914 hadi 1925 ikawa nyeusi tu, kwa sababu kasi ya uzalishaji ilidai rangi moja, ya bei nafuu na inayodumu. Rangi za kupendeza za wakati ule zilichukua siku nyingi kukauka. Kampuni ya DuPont ilipotoa rangi yake ya Duco miaka ya 1920, iliyokauka kwa saa badala ya wiki, General Motors waliikimbilia. Chapa yao ya Oakland ikatoka na bluu. Ford mwenyewe alirudisha rangi mwaka 1926. Wateja walikuwa wameshaonyesha kwa fedha zao kwamba rangi ina thamani.

Wanaodhani rangi ni urembo tu wakumbuke Machi 2011. Tetemeko na tsunami vilipoipiga Japani, kiwanda cha Merck kilichoko Onahama, mkoa wa Fukushima, kilisimama. Hapo ndipo pekee duniani palipotengenezwa unga wa Xirallic, ule unaofanya rangi ya gari imeremete kama ina vumbi la kioo ndani. Katika muda mfupi Ford wakawaomba mawakala wao Marekani wasipokee oda za aina fulani za nyeusi na nyekundu, na Chrysler nao wakabana rangi kadhaa. Injini zilikuwepo, matairi yalikuwepo, bodi zilikuwepo. Kilichokosekana ni unga. Kiwanda kilirejea kazini baada ya wiki kadhaa, na Merck wakaanza kuutengeneza Ujerumani pia. Mteja anayeambiwa "rangi hiyo imesitishwa" asidhani kila mara anadanganywa.

Nyeupe, kwa upande wake, haina shida ya kupatikana. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa ndiyo rangi inayoongoza duniani kwa magari mapya, na kwetu ina sababu za ziada. Serikali, mashirika ya misaada na kampuni za utalii hununua nyeupe. Kuna hata kampuni Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyaweka tayari magari ya Toyota kwa ajili ya mashirika ya misaada, na Land Cruiser nyeupe ndiyo sura inayofahamika zaidi ya kazi hiyo. Halafu kuna joto. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliegesha Honda Civic mbili juani, moja nyeusi na moja ya fedha. Ndani ya ile ya fedha palikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Anayeegesha Posta saa saba mchana hahitaji maabara kumwambia hivyo, lakini ni vizuri kuwa na tarakimu.

Nyeupe nazo si moja. Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida. 070 ni nyeupe ya lulu, yenye tabaka moja zaidi la kumeta. Shorumu ndani, chini ya taa, tofauti yake haionekani sana. Omba kile kibao cha sampuli utoke nacho nje: ya lulu inageuka kidogo ukiinamisha mkono, ile nyingine inabaki kama chaki. Ya lulu huwa na nyongeza ya bei, na nyongeza hiyo haibaki ilivyo. Kodi hutozwa juu ya thamani ya gari lilipofika bandarini, rangi ikiwemo. Tuseme kiwanda kinaongeza dola 500 kwa gari dogo la abiria lenye injini inayozidi cc 2000. Hapa Tanzania utaongeza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, na VAT asilimia 18, kila kimoja juu ya kilichotangulia. Zile 500 zinakuwa dola 811, bado tozo ndogondogo na faida ya wakala. Siku bampa litakapokwaruzwa, utagundua pia kwamba mafundi rangi wa mtaani wanaoweza kuoanisha nyeupe ya lulu ni wachache, na wanajua thamani yao.

Mimi mwenyewe yaliwahi kunikuta. Niliagiza gari kwa wakala mmoja, tukakubaliana kwa mdomo "rangi ya fedha", nikalipa malipo ya awali. Baada ya miezi minne nikaitwa nikachukue gari. Lilikuwa kijivu kilichokolea, kama sufuria iliyokaa jikoni. Nilipolalamika nilionyeshwa fomu niliyosaini: kwenye nafasi ya rangi paliandikwa fedha au inayokaribiana nayo. Sikuwa nimeisoma. Nililichukua, kwa sababu kukataa kulimaanisha kuanza foleni upya, na kila nikiliona nilikumbuka maneno yale.

Sheria inamlinda aliyeandika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Tanzania, sawa na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zikiwa na asili ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Namba ya rangi ikiwa kwenye oda, ni sehemu ya maelezo. "Inayokaribiana" nayo ni sehemu ya maelezo, na hapo wakala amejikinga. Mawakala wengi si watu wabaya. Wanalinda fedha zao kwa kalamu, nasi tunalinda zetu kwa matumaini.

Usikubali pia ahadi ya kwamba gari litapigwa rangi hapa hapa baada ya kufika. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye bodi tupu, kabla injini, nyaya na vioo havijafungwa. Hakuna gereji inayoweza kurudia hilo kwa gari lililokamilika. Tena rangi huandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilishwa baada ya usajili lazima kadi nayo irekebishwe.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, hakikisha oda ina namba ya rangi ya nje na ya ndani, tarehe ya mwisho ya kubadili, na sentensi inayosema fedha yako itarudishwa kama rangi itakuwa nyingine. Futa neno "inayokaribiana" kwa mkono wako, nyote wawili msaini pembeni. Na siku ya makabidhiano, kabla ya kusaini chochote, fungua mlango wa dereva utafute bamba dogo kwenye nguzo. Likikosekana hapo, fungua boneti. Kwenye Toyota, tafuta mstari wa C/TR: tarakimu au herufi tatu za kwanza ndizo rangi ya nje. Zilinganishe na oda yako.