Kulinganisha Transiva na Nyuzi za Kioo Katika Mtandao

Swichi mbili za mtandao, moja katika maabara na nyingine katika jengo la utawala, zaweza kuwa nzima, uzi wa kioo baina yake ukawa mpya, na bado mawasiliano yasipatikane. Aghalabu kosa haliko katika kifaa kimoja, bali katika ulinganifu wa vifaa vyote.

Transiva ni kifaa kidogo kichomekwacho katika swichi. Hugeuza ishara za umeme kuwa mimweko ya nuru, na nuru iingiayo huigeuza kuwa umeme tena. Nuru hiyo husafiri katika kiini cha uzi wa kioo. Ifikapo kwa mlalo katika mpaka wa kiini na gamba, huakisiwa yote na kubaki ndani.

Nyuzi ni za aina mbili. Kiini cha uzi wa njia moja kina kipenyo cha mikromita 9 hivi; cha uzi wa njia nyingi ni mikromita 50 au 62.5. Gamba la aina zote lina kipenyo cha mikromita 125, hivyo jicho haliwezi kuzitofautisha. Kwa kawaida rangi ya ala husaidia: njano ni njia moja, rangi ya chungwa au buluu-kijani ni njia nyingi.

Je, zikiunganishwa aina mbili tofauti? Uwiano wa eneo la kiini cha mikromita 50 kwa kile cha 9 ni (50 ÷ 9)², yaani 31 hivi. Nuru ikiwa imeenea sawasawa katika kiini kipana, ni sehemu moja tu kati ya 31 itakayoingia katika kile chembamba. Hasara hiyo ni desibeli 15 hivi. Kwa upande wa pili, nuru hutoka kwenye chembamba kuingia kwenye kipana bila taabu. Matokeo yake, swichi moja husikia na ya pili ni kiziwi.

Aidha, transiva za pande zote mbili sharti ziwe za kasi moja na za urefu wa wimbi unaolingana. Kwa kasi ya gigabiti 10, ile ya nanomita 850 hufika mita 300 katika uzi wa njia nyingi wa daraja la OM3, lakini mita 33 tu katika ule wa kale wa OM1. Ile ya nanomita 1310 hufika kilomita 10 katika uzi wa njia moja, na hasara inayoruhusiwa njiani ni desibeli 6.2.

Chukuliwe mfano wa kilomita 8. Kwa desibeli 0.4 kila kilomita, hasara ni 3.2. Viungio viwili vya desibeli 0.5 huongeza 1.0. Jumla ni 4.2, na akiba ni 2.0. Vumbi katika kiungio laweza kuimaliza akiba hiyo, kwa hiyo ncha husafishwa kabla ya kuchomekwa.

Transiva yenye nguvu zaidi si dawa ya kila tatizo: ile ya kilomita 40 ikitumiwa katika masafa mafupi bila kipunguza nuru, yaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili. Hali kadhalika, swichi nyingine husoma kumbukumbu iliyo ndani ya transiva na kuikataa isiyoitambua. Orodha ya mtengenezaji isomwe kabla ya kununua.

Mwisho, mawimbi haya hayaonekani kwa macho. Mwanafunzi asichungulie kamwe ncha ya uzi ili kuona kama nuru imo. Giza aonalo laweza kuwa leza inayomuunguza jicho.