Kijidudu kisichomdhuru ng'ombe kikamuua mtoto

Mwezi wa Oktoba mwaka 1992, katika nchi ndogo ya Swaziland iliyoko kusini mwa Afrika, ambayo tangu mwaka 2018 yaitwa Eswatini, mvua ilinyesha baada ya miezi mitatu ya ukavu. Kipimo chake kilikuwa milimita 36. Kwa mfugaji aliyekuwa akiwaona ng'ombe wake wakianguka mmoja baada ya mwingine malishoni, mvua ile ilikuwa rehema isiyo na shaka. Lakini mwezi huo haujakwisha, zahanati zilianza kujaa watu walioshikwa na tumbo la kuhara, na wengi wao walikuwa wakitoa damu. Hata Novemba ilipoingia, idadi ya waliokwenda kwa daktari kwa sababu ya kuhara, miongoni mwa wenye umri wa zaidi ya miaka mitano, ilikuwa imepanda mara saba.

Wataalamu waliotumwa kuchunguza jambo hilo waliwahoji wakazi 778, wakakuta kwamba 42 katika kila 100 walikuwa wameugua. Waliougua zaidi ni wale waliokula nyama ya ng'ombe na wale waliokunywa maji yasiyosafishwa. Wakatazama hesabu za mifugo, wakaona kuwa vifo vya ng'ombe mwezi ule vilikuwa mara tano ya vile vya miaka iliyotangulia. Kisha wakalinganisha vijidudu vilivyotoka kwa wagonjwa na vile vilivyotoka katika mazingira, na katika sampuli 31 walizozipima, 27 hazikuweza kutofautishwa. Kisa chote kikafahamika: ukame uliwadhoofisha na kuwaua ng'ombe, kinyesi na mizoga vikabaki juu ya ardhi, na mvua ya kwanza ikavikokota vyote hadi mitoni na visimani, mahali ambapo watu huteka maji.

Kijidudu chenyewe kinaitwa E. coli O157. Jina hilo la kwanza si geni kwa aliyesoma sayansi shuleni. Ni bakteria aliyeelezwa mwaka 1885 na Theodor Escherich, tabibu wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Munich, Ujerumani, alipokuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga. Kila mmoja wetu anao bakteria hawa tumboni mwake kwa mamilioni, nao aghalabu hawana dhara lolote. Walakini katika ukoo huo wamo waliopotoka. Mwaka 2001 wanasayansi wa Wisconsin, Marekani, walipomaliza kusoma jeni zote za O157 na kuzilinganisha na zile za ndugu yake wa maabara asiyedhuru, walikuta jeni 1,387 ambazo yule ndugu hanazo. Miongoni mwazo zimo zinazotengeneza sumu inayofanana na ile ya bakteria wa kuhara damu, aliyegunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwishoni mwa karne ya 19. La kustaajabisha ni kwamba jeni za sumu hiyo zililetwa na virusi vidogo vinavyowashambulia bakteria wenyewe. Yaani bakteria aliugua, na katika kuugua kwake akaachiwa silaha.

Ulimwengu ulimtambua O157 kuwa ni adui mwaka 1982, pale watu wasiopungua 47 katika majimbo ya Oregon na Michigan huko Marekani walipohara damu baada ya kula mikate ya nyama ya kusaga. Mwaka uliofuata, Daktari Mohamed Karmali na wenzake wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walikamilisha sehemu ya pili ya fumbo. Kwa miaka mingi matabibu walikuwa wakiwaona watoto ambao baada ya kuhara huvunjika chembe nyekundu za damu, figo zao zikasimama, na baadhi yao wakafa, pasi na kujulikana sababu. Karmali alionyesha kwamba watoto hao walikuwa na E. coli wanaotoa sumu ambayo mtafiti mwingine wa Kanada, Jack Konowalchuk, alikuwa ameieleza mwaka 1977. Konowalchuk aliigundua kwa kuwa iliua chembe hai za figo ya tumbili wa Afrika, ambazo maabara nyingi duniani huzifuga katika vyupa kwa ajili ya majaribio. Kilichoua figo ya tumbili ndani ya chupa ndicho kilichokuwa kikiua figo za watoto.

Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi. Ikiwa kijidudu hiki hukaa katika utumbo wa ng'ombe na kondoo, mbona wao hawaugui? Ng'ombe aliyembeba O157 hula vizuri, hunenepa, hutoa maziwa yake kama kawaida, na hakuna mganga wa mifugo awezaye kumtambua kwa kumtazama. Jibu lilipatikana mwaka 2000. Sumu hii haiwezi kuiua chembe hai mpaka ipate mlango wa kuingilia, nao mlango huo ni aina ya mafuta yaliyo juu ya ngozi ya chembe. Mishipa ya damu ya binadamu, hususan ile ya figo, inayo milango hiyo kwa wingi. Mishipa ya ng'ombe haina. Sumu inapita kwake kama mgeni anayepita mbele ya nyumba iliyofungwa.

Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Scotland walieleza mahali kijidudu kinapojificha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kimetapakaa katika matumbo yote ya mnyama. Wao walipopasua na kuchunguza kila sehemu, walikikuta kimejikusanya hasa katika sentimita tatu hadi tano za mwisho za utumbo, jirani kabisa na tupu ya nyuma. Hapo hujishikiza kwa namna ya ajabu: huchoma ukuta wa utumbo kwa kitu mfano wa sindano, kikapenyeza ndani ya chembe za mnyama protini yake chenyewe, kisha kikaishika protini ile ile kama nanga. Kwa hiyo kila kinyesi kinapotoka, hufutwa na kijidudu katika hatua zake za mwisho kabisa.

Tena si ng'ombe wote walio sawa. Katika zizi moja wengi hutoa vijidudu vichache au hawatoi kabisa, ilhali wachache hutoa zaidi ya 10,000 katika kila gramu ya kinyesi. Hesabu zilizofanywa Scotland zilionyesha kwamba mnyama mmoja kati ya watano anaweza kubeba dhima ya asilimia 80 ya maambukizo yote. Na kwa binadamu, vijidudu visivyofika 100 vyatosha kumtia maradhini. Msomaji na apige hesabu mwenyewe, aone ni watu wangapi wanaoweza kudhurika kwa uchafu usioonekana hata kwa macho.

Hapa ndipo utafiti huu unapotoka maabara na kugusa mambo ya haki baina ya watu. Tuchukue kisa cha Walkerton, mji mdogo wa watu wapatao 4,800 katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwezi wa Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha huko, ikakisukuma kinyesi cha ng'ombe kutoka shamba la karibu mpaka katika kisima kimojawapo cha mji. Watu 2,300 wakaugua na saba wakafa. Jaji Dennis O'Connor aliyepewa kazi ya kuchunguza maafa hayo alibaini kwamba wasimamizi wa maji hawakutia klorini ya kutosha, na kwa miaka walikuwa wakiandika vipimo vya uongo katika madaftari. Na mwenye shamba? Jaji alisema waziwazi kwamba alifuata taratibu zote zilizotakiwa, wala hapaswi kulaumiwa. Aliwatunza ng'ombe wake ipasavyo, akaitumia samadi yake ipasavyo, na juu ya yote hayo kilichotoka kwake kikamfikia jirani. Ni kisa kinachopaswa kumsumbua kila anayedhani kwamba maadamu yeye hakukosea, basi hana la kujiuliza.

Sasa sikiliza kilichofuata. Wanasayansi wa Kanada, akiwemo Brett Finlay wa British Columbia aliyeshiriki katika kuifumbua siri ya ile nanga, walikuwa wakitengeneza chanjo. Fikra yao ilikuwa nyepesi na nzuri: ng'ombe achanjwe kwa protini zile zile anazozitumia bakteria kujishikiza, mwili wake uzitambue na kuzizuia, na kijidudu kikose pa kukaa. Chanjo hiyo, iliyoitwa Econiche, ilipata idhini kamili ya serikali ya Kanada mwaka 2008. Haikukifuta kijidudu chote, lakini ilipunguza idadi ya ng'ombe wanaokitoa. Wengi walitaraji kwamba wafugaji wangeikimbilia.

Hawakuikimbilia. Chanjo ilihitaji kurudiwa, na kila sindano ilikuwa na bei yake, pamoja na taabu ya kuwakusanya ng'ombe na kuwapitisha katika kichochoro. Mfugaji akajiuliza, ng'ombe wangu haugui, hakondi, hatoi mimba. Nikimchanja haongezi kilo hata moja. Mnunuzi hanilipi senti zaidi. Kwa nini nigharimike? Serikali nayo haikulazimisha. Baada ya miaka michache utengenezaji wa chanjo hiyo ulisimama, na leo haipatikani sokoni.

Mimi simlaumu yule mfugaji peke yake. Mtu anayeishi kwa faida ndogo hawezi kubebeshwa gharama ya usalama wa umma mzima. Lakini ni dhahiri kwamba mzigo ulitupwa mahali pasipo na mtu wa kuupokea. Anayelipa ni mwenye ng'ombe, anayefaidika ni mtoto wa mji wa mbali ambaye hatamwona kamwe, na kati yao hakuna aliyesimama kusema kuwa gharama hii ni yetu sote. Chanjo za watoto wetu hulipiwa na serikali kwa sababu maradhi ya mmoja ni hatari kwa wote. Sioni kwa nini hoja hiyo iishie kwenye mlango wa zizi.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la ng'ombe tu. Mwaka huo huo wa 2000, kule New Deer, kaskazini mashariki mwa Scotland, vijana wa skauti walipiga kambi katika uwanja ambao kabla yake ulikuwa malisho ya kondoo. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope, na watoto kadhaa wakaambukizwa O157 pasipo kula nyama ya kondoo yeyote. Tope la mikononi lilitosha. Wataalamu waliokwenda kuupima udongo walikikuta kijidudu kingali hai wiki nyingi baadaye.

Nasi wasomaji wa ukurasa huu tunayo siku ambayo mamilioni ya kondoo, mbuzi na ng'ombe huchinjwa kwa saa chache, wengi wao nyuani kwetu na si machinjioni. Siku ya Idd el-Hajj anayechinja huangalia kisu chake, kibla chake na umri wa mnyama, na hayo ni wajibu wake. Ni vyema aangalie pia kinachofuata baada ya roho kutoka, kwani uhalali wa kichinjo hauondoi kilichomo matumboni. Nyama iliyo ndani ya misuli ya mnyama mzima kwa kawaida ni safi. Huchafuliwa na ngozi yenye kinyesi wakati wa kuchuna, na na utumbo wakati wa kutoa matumbo. Ndiyo maana katika machinjio yenye usimamizi mzuri, mwisho wa utumbo huzungukwa kwa kisu na kufungwa kamba kabla ya tumbo kupasuliwa, ili kisidondoke chochote. Zile sentimita chache zilizotajwa na watafiti wa Scotland zimo katika fundo hilo. Anayeosha utumbo asiwe yeye huyo huyo anayekata nyama ya kugawa, na kama hapana budi, anawe kwa sabuni mpaka viwikoni. Watoto wanaocheza na mnyama siku mbili tatu kabla ya sikukuu wanawishwe kabla ya kula.

Kuhusu mapishi, pande la nyama lililobanikwa vizuri nje lina hatari ndogo, kwa kuwa vijidudu hukaa juu yake. Nyama ya kusaga haiko hivyo, maana mashine imekwisha kuchukua kilichokuwa nje na kukiingiza ndani. Kababu na kofta sharti ziive mpaka katikati, kiasi cha nyuzi 70 kwa dakika mbili, pasibaki wekundu. Maziwa mabichi yachemshwe.

Na mtoto akihara damu, asikimbiliwe kwa vidonge vya dukani. Kwetu kuhara damu mara nyingi husababishwa na shigela, ambayo hutibiwa kwa antibayotiki, ilhali kwa O157 dawa hizo hizo zinaweza kuichochea sumu itoke kwa wingi zaidi. Dawa za kufunga tumbo nazo hukifungia kijidudu ndani. Apewe maji ya chumvi na sukari, apelekwe hospitali, na kwa muda wa wiki moja na zaidi mama aangalie kama anakojoa kidogo kuliko kawaida, kama amepauka, kama amelegea kuliko ilivyo desturi yake, maana hizo ndizo dalili za figo kulemewa. Daktari aelezwe kwamba mtoto alikula nyama ya kusaga, au alikuwa karibu na mifugo, au alikunywa maji ya kisima baada ya mvua kubwa. Bila kuambiwa hivyo, maabara nyingi hazina desturi ya kumtafuta O157, na asiyetafutwa haonekani.