Legolas Alitubeba Ufala: Hivi Ndivyo Wawindaji Huficha na Kulinda Manyoya ya Mishale

Kama umecheki The Lord of the Rings ama The Hunger Games, hiyo picha unaijua. Legolas ama Katniss ananyoosha mkono nyuma ya bega, anachomoa mshale kwa podo, anavuta, anaachilia, adui chini. Na manyoya ya ile mishale huwa yamesimama safi kabisa, hata kama wametembea msituni wiki nzima mvua ikiwanyeshea. Manze, hapo Hollywood hutubeba ufala.

Mwindaji wa ukweli kule Marekani, hasa yule anayetumia upinde wa kizamani wa mbao, huhangaikia yale manyoya sana. Ncha ya mshale ni chuma, hiyo itakaa. Manyoya ni kitu cha ndege, na yana maadui kibao: maji, matawi, kubanana kwa podo, nondo, na macho ya mnyama mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Mshale ukitoka kwa upinde hauendi umenyooka tu. Kamba inausukuma kutoka nyuma kwa nguvu, unajipinda ukipita kando ya mbao, halafu unajinyonga hewani kama samaki. Yale manyoya matatu yaliyogundishwa nyuma ndiyo hushika upepo na kuulazimisha mkia ufuate ncha. Mara nyingi huwekwa kwa mshazari kidogo, ndio mshale uzunguke ukienda. Ukiyatoa, mshale unaweza kufika kwa mnyama ukiwa umelala ubavu.

Na hapo ndipo kuna noma. Mshale ukikosa kabisa, mnyama anahepa na maisha yanaendelea. Ukienda kombo kidogo tu, unampata tumboni ama kwa paja. Anakimbia nao ndani, anaenda kufia kwa kichaka masaa mengi baadaye, na labda hakuna mtu atampata. Mwindaji mwenye utu huogopa hiyo kuliko kurudi kejani mikono mitupu. Ndio maana unyoya uliolowa maji si kaushida kadogo.

Utauliza, si watumie plastiki tu? Wengi hutumia. Ule upinde wa kisasa wenye magurudumu hupenda plastiki, na hata kwa mashindano ya Olimpiki, kama yale ya Rio 2016 ambapo mpiga mishale wetu Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya, huko ni plastiki. Plastiki haijali mvua. Shida ni kwamba upinde wa mbao wa kawaida hauna kile kifaa cha kushikilia mshale mbali na mbao. Mshale unapita ukikwaruza. Plastiki ikigonga pale inadunda, na mshale unapotea njia. Unyoya unalala, unapita, unasimama tena. Pia ni mwepesi kuliko plastiki.

Manyoya mengi ya kuuzwa kule hutoka kwa bawa la bata mzinga. Ya tai yangekaa fiti, lakini sheria za Marekani za 1918 na 1940 za kulinda ndege hazitaki mchezo. Halafu kuna kanuni moja ya lazima: manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kushoto ama yote ya kulia, kwa sababu yamepinda kinyume. Ukichanganya, umeharibu kazi.

Sasa mvua. Bata mzinga akiwa hai hujipaka mafuta yake mwenyewe, maji yanateleza. Lakini manyoya ya dukani yameoshwa na kupakwa rangi, na yale mafuta yameenda. Yakilowa yanalala kwenye mshale kama nywele za mtu ametoka kuoga, na mshale hauna tena kitu cha kuurekebisha. Dawa yao ni poda laini ya kufukuza maji: unatumbukiza manyoya, unakung'uta, basi. Wengine hupuliza silikoni, na kuna wajanja huiba ile dawa ambayo wavuvi hupaka kwa nzi bandia ndio aelee juu ya mto. Hakuna kati ya hizo itastahimili mvua ya siku nzima. Mvua ikikazana, wazee wa hiyo kazi hufunika manyoya na mfuko wa nailoni na kuendelea kungoja. Haina swag, lakini inafanya kazi.

Kuficha nayo ni mjadala mwingine, na huu ndio mimi naona mtamu zaidi. Mwindaji anataka rangi kali, kwa sababu anataka kuona mshale umeingia wapi, na baadaye aupate kwa majani aangalie damu iko aje. Hiyo damu humwambia kama amepiga vizuri ama anafaa kungoja kabla ya kufuata. Mnyama naye ndiye hafai kuona kitu. Mnabishana na swara... sorry, na kulungu, kuhusu fashoni.

Macho ya kulungu wa Marekani hayaoni nyekundu na machungwa vile sisi tunaona. Kwake ni kitu kimefifia tu. Buluu anaiona fiti sana, na hata ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Kwa hivyo manyoya mekundu si balaa vile ungedhani, na meupe yanang'ara ndiyo hatari. Halafu kulungu wa mkia mweupe akishtuka huinua mkia juu, na ule weupe huwaambia wenzake kuna kitu. Sasa fikiria wewe umekaa kwa mti na manyoya meupe yanapepea juu ya bega. Unapiga kengele ya hatari bila kujua.

Ukiwinda bata mzinga mwenyewe, sahau hizo hesabu zote. Ndege huona rangi kuliko sisi, kwa hivyo nyekundu yako ataiona.

Wengine hupatana na mnyama nusu kwa nusu. Wanatumia manyoya ya asili yenye mistari ya kahawia, na kuweka rangi kali pale nyuma kabisa mshale unaposhika kamba. Wengine wanabaki na rangi zao lakini wanafunika manyoya yote na kofia ya kitambaa ama ngozi laini, halafu mshale mmoja tu ndio unatoka wakati wake ukifika. Kitambaa kiwe kile hakipigi kelele kikikwaruza tawi. Kulungu akiwa mita 18 kutoka kwako husikia kila kitu.

Hii akili si ya jana. Yule mzee wa barafu Ötzi, aliyepatikana milima ya Alps 1991 baada ya kulala huko zaidi ya miaka 5,000, alikuwa na podo la ngozi lenye mishale 14, na miwili tu ndiyo ilikuwa imemalizika. Samurai wa Japani walikuwa na utsubo, podo la kufunika mshale mzima, mengine yamevalishwa manyoya ya mnyama, ili mvua isiguse kitu. Na kwenye meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama 1545, walipata visahani vya ngozi vyenye matundu 24. Kila mshale na tundu lake, ndio manyoya yasisuguane. Ni kama trei ya mayai, lakini ya vita.

Kwa nyumba, adui ni nondo. Mabuu yake hula manyoya vile hula sweta yako ya sufu, kwa hivyo mishale ikihifadhiwa miezi kadhaa, zile tembe za kabati huwekwa karibu. Na yakibondeka kwa sababu ya kubanwa? Chemsha maji, shikilia manyoya juu ya mvuke wa birika kidogo, zungusha. Yanaamka pole pole na kurudi shepu yake. Hiyo hata ukiiona kwa macho utadhani ni uchawi.

Kabla uteremshe upinde wa guka kutoka kwa dari, kumbuka uwindaji wa wanyamapori hapa Kenya ulipigwa marufuku 1977. Lakini wenye kazi tulikuwa nao. Waata wa upande wa Tsavo walikuwa wanaangusha ndovu na pinde ngumu ambazo msee wa kawaida hawezi kuvuta hadi mwisho. Wao kitu cha kulindwa zaidi kilikuwa mbele ya mshale: sumu ya mti wa Acokanthera, iliyofungwa na utepe mwembamba wa ngozi isikauke na isimguse mwenyewe, hadi dakika ile ndovu yuko karibu.