Mauzo Yamepanda, Lakini Pesa Zimeenda Wapi? Kisa cha Aston Martin

Muulize mfanyabiashara yeyote, "Kazi inaendaje?" Mara nyingi atakujibu kwa mauzo: "Siku hizi wateja wako." Ni jibu zuri. Lakini sisi tunaoshughulika kila siku na pesa zinazoingia na kutoka kwa simu za watu tumezoea kuuliza swali la pili: jioni, ukishalipa kila anayekudai, salio ni ngapi?

Leo hatutakupeleka Gikomba wala Kongowea kujibu swali hilo. Tutakupeleka Gaydon, Uingereza, kwa kampuni ambayo gari lake moja huuzwa kwa zaidi ya pauni 150,000. Hata kama hujawahi kuliona kwa macho, kwenye sinema umeliona: ndilo gari la James Bond. Jina ni kubwa, gari ni tamu, wateja ni matajiri. Sasa inakuwaje kampuni kama hiyo ihangaike na madeni?

Jina kubwa, mfuko mtupu

Aston Martin ilianzishwa mwaka wa 1913. Tangu hapo imefilisika mara 7. Ndiyo, mara 7! Imepitia mikono mingi: David Brown aliinunua mwaka wa 1947, Ford wakaingia mwaka wa 1987, kisha wakaiuza mwaka wa 2007. Kila mwenye nayo alilipenda jina, na karibu kila mmoja alipata taabu kulifanya lilete faida.

Oktoba 2018 kampuni iliingia kwenye soko la hisa la London kwa bei ya pauni 19 kwa hisa. Mwaka huo iliuza magari 6,441, na wengi waliona mambo yamenyooka. Kufikia mwanzo wa 2020, hisa hiyo ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake. Nini kilitokea?

Kupeleka mzigo si kuuza

Hapa ndipo penye somo la kwanza, kwa hivyo tusipite haraka.

Kampuni ya magari kwa kawaida haimuuzii mteja moja kwa moja. Humuuzia wakala, naye wakala humtafuta mteja. Gari likishatoka kiwandani kwenda kwa wakala, kampuni inaliandika kama mauzo, hata kama gari lenyewe limekaa kwa wakala likipigwa vumbi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Aston Martin. Magari yalirundikana kwa mawakala kuliko idadi ya wanunuzi. Ili yatoke, ikabidi kampuni igharamie punguzo na kuwasaidia wateja kupata mikopo nafuu. Faida ikaliwa hapo hapo. Tena mteja wa gari la kifahari akizoea punguzo, kumrudisha kwenye bei kamili ni kazi.

Ebu fikiria mtu anayeoka mikate. Anapelekea maduka 10 mikate 20 kila duka, walipe wakishauza. Kwenye daftari lake ameandika mikate 200 imeuzwa. Lakini mikate 80 bado iko kwenye rafu, inakauka, na unga wa kesho unataka kununuliwa leo. Je, huyo ameuza 200 au 120?

Mwaka wa 2020 tajiri kutoka Kanada, Lawrence Stroll, aliongoza kundi la wawekezaji waliookoa kampuni, naye akawa mwenyekiti. Moja ya hatua za kwanza ilikuwa chungu: kupunguza magari yanayopelekwa kwa mawakala ili mzigo wa zamani uishe kwanza. Mwaka huo, huku pia kukiwa na korona, magari yaliyopelekwa yalishuka hadi 3,394. Ukiangalia namba hiyo peke yake utasema biashara imekufa. Lakini kusafisha rafu kulihitajika.

Halafu mauzo yakarudi

Mwaka wa 2021 kampuni ilipeleka magari 6,178. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 82 kwa mwaka mmoja! Kilichosaidia sana ni DBX, gari la juu la familia linaloundwa St Athan, Wales, ambalo lilichangia karibu nusu ya mauzo. Mwaka wa 2023 idadi ikafika 6,620.

Vichwa vya habari vilikuwa vitamu. Sasa geuza ukurasa. Mwaka wa 2021, pamoja na ongezeko hilo lote, kampuni ilipata hasara ya zaidi ya pauni milioni 200 kabla ya kodi. Mwaka wa 2023 hasara ilikuwa karibu milioni 240. Gawanya kwa magari yaliyouzwa mwaka huo: ni kama kila gari lilitoka na hasara ya pauni 36,000.

Linganisha na Ferrari ya Italia. Mwaka wa 2024 ilipeleka magari 13,752 na kubaki na faida ya zaidi ya euro bilioni 1.5. Hiyo ni zaidi ya euro 100,000 kwa kila gari. Ferrari hujizuia kuunda magari mengi kuliko wanaoyataka, na hivyo bei haishuki.

Deni nalo hula mezani

Sehemu kubwa ya pesa za Aston Martin huenda kwa waliokopesha. Mwaka wa 2020 ilikopa kwa riba ya asilimia 10.5 kwa mwaka. Mwaka wa 2024 ilibadilisha deni hilo kwa jingine la riba ya asilimia 10 hivi, la kulipwa mwaka wa 2029. Kwetu sisi tuliozoea mikopo ya simu, riba hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini deni halisi lilikuwa zaidi ya pauni bilioni 1.1 mwishoni mwa 2024. Riba peke yake ni zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Yaani kabla ya kulipa fundi au kununua tairi, kila gari tayari lina mzigo wa pauni 16,000 na zaidi.

Kila pesa zinapopungua, wenye hisa huombwa waongeze. Mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia umeingia, Geely ya China imeingia, Stroll naye ameongeza. Kuwa na watu wa kukuchangia ni bahati, lakini harambee si faida.

Je, itapona?

Kuna dalili nzuri. Magari karibu yote ni mapya: DB12, Vantage na Vanquish. Valhalla, linaloundwa kwa idadi ya magari 999 tu, linalenga faida kubwa kwa kila gari. Na tangu Septemba 2024 mkurugenzi mkuu ni Adrian Hallmark, aliyetoka Bentley.

Lakini mwaka wa 2024 mauzo yalirudi chini hadi 6,030, kwa sababu vipuri vilichelewa na soko la China likalegea. Mapema 2025 kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 170, kisha ushuru mpya wa Marekani ukaja. Gari la umeme nalo limeahirishwa zaidi ya mara moja.

Maoni yetu ni haya: jina halitakufa, kwa maana kila mara hupatikana tajiri wa kulinunua. Lakini tutasema kampuni imepona siku itakapolipa riba na kuunda magari mapya kwa pesa za magari iliyouza, bila kupitisha kofia.

Jipime wiki hii

Fungua taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita, kisha andika namba tatu:

1. Pesa zilizoingia kweli kwa till au simu yako. Usihesabu ulizoahidiwa.
2. Pesa zilizotoka kununua mzigo, kulipa kodi ya duka na wasaidizi.
3. Pesa zilizotoka kulipa mikopo, pamoja na riba na ada.

Toa ya pili na ya tatu kutoka kwa ya kwanza. Kama kinachobaki kinapungua mwezi baada ya mwezi huku wateja wakiongezeka, usikimbilie kuongeza mzigo wala kukopa tena. Anza na rafu: nini kimekaa, nani hajalipa, na ni bidhaa gani unauza kwa hasara bila kujua?