Aliyepoteza maneno hajapoteza akili

Wasomi wenzangu, siku utafungua utafiti juu ya kiharusi, ule ugonjwa huku Goma tunaita AVC, tafuta pale wanaandika nani anaingia na nani anabaki inje. Mara nyingi utakuta mstari mufupi: wagonjwa wasioweza kuwasiliana hawakuchukuliwa. Mimi nilisoma kilimo, lakini huo mstari unanisumbua, tena kwa sababu za shamba kabisa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayoshika lugha (kwa watu wengi ni upande wa kushoto), mtu anabaki na shida inayoitwa afazia. Karibu mtu 1 kati ya 3 wanaopata kiharusi wanaingia humo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari ya mgonjwa Leborgne, aliyebaki na neno karibu moja tu, "tan", na bado alikuwa anaelewa mengi aliyoambiwa. Wengine ni kinyume: maneno yanatiririka lakini maana haionekani, na kuelewa pia ni kazi. Usifikiri utampa kalamu tu aandike. Lugha njo imeguswa, kwa hiyo kusoma na kuandika navyo vinaumia. Hata "ndiyo" inaweza kutoka wakati mtu alitaka kusema "hapana".

Kwetu kuna jambo lingine. Mtu wa Murara anaweza kuwa na Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha soko, Kinyarwanda cha majirani na Kifaransa cha ofisi. Kiharusi hakivunji lugha zote sawasawa kila mara. Moja inaweza kurudi mbele ya ingine. Ukimuuliza mama kwa Kifaransa akanyamaza, umepima Kifaransa chake tu.

Niko na mama mukubwa hapa Murara aliyepata AVC. Mwaka uliopita watu wa utafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza mambo ya tansio. Alikuwa ameketi mlangoni. Walipoona hasemi, wakageukia binti yake: anakunywa dawa? Binti akajibu, kila siku. Mama akapiga mkono kwenye kiti, mara mbili, mara tatu. Wakaandika "kila siku", wakaenda. Mimi nilifika jioni, na mama akanivuta mpaka chini ya mto wake: karatasi tupu za vidonge. Dawa ilikuwa imeisha, hakutaka watoto wahangaike kutafuta pesa. Hiyo "kila siku" sasa iko ndani ya hesabu ya mtu fulani.

Sisemi kwamba kuuliza ndugu ni vibaya. Utafiti mkubwa unaoitwa INTERSTROKE, uliotoka mwaka 2010 kutoka nchi 22, Uganda ikiwemo, ulikubali ndugu wa karibu ajibu mahali pa mgonjwa asiyeweza. Tanzania, kati ya 2003 na 2006, watafiti wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam walifika mpaka kwa familia za waliokufa, wakauliza dalili ili marehemu nao wahesabiwe. Kama marehemu anaweza kusikilizwa kupitia ndugu zake, yule aliye hai, mwenye macho na mkono, anastahili zaidi ya msemaji. Kuna maswali ambayo ndugu hawezi kujibu vizuri: unajisikiaje moyoni? Na tafiti nyingi juu ya huzuni baada ya kiharusi zimeacha inje watu wa afazia, wale wenye sababu kubwa ya kuhuzunika.

Sasa shamba. Ukijaribu mbegu ya maharagi katika parseli 30, halafu ukatupa zile 10 ambamo maji yalituama, mavuno kwenye karatasi yatapanda. Mkulima wa Masisi akiamini karatasi yako, atalia msimu ujao. Wagonjwa wanaoachwa mara nyingi njo wale ambao ubongo uliumia zaidi, kwa hiyo dawa inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo.

Tena shambani tumezoea kuuliza bila maneno mengi. Tunapochagua aina za maharagi, kila mkulima anaweka punje mbele ya ile anayopenda. Hakuna hotuba, hakuna kuandika. Kwa afazia ni karibu hivyo: picha ya vidonge, picha ya kutoa damu, kadi tatu za ndiyo, hapana na sijui. Sentensi fupi, jambo moja kwa mara moja. Uzime redio, usogee mbali na jenereta. Uulize tena kwa kugeuza swali, na urudi kesho kuona kama jibu ni lile lile. Majibu yakipingana, ndugu asaidie. Lakini mgonjwa akisukuma mkono wako, acha. (Wimbo usikudanganye: wengine wanaimba kantiko nzima kanisani na hawawezi kuomba maji. Kuimba hakuhesabiwi kuwa kukubali.)

Tamko la Helsinki la mwaka 1964, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024, sasa linasema wazi kwamba kuacha inje watu wenye mahitaji ya pekee kunaweza kuongeza tofauti za afya, na kwamba madhara ya kuwaacha yapimwe pamoja na madhara ya kuwaingiza. Na jimbo letu limeshafanya magumu zaidi. Jaribio la dawa za Ebola, PALM, lililoanza Novemba 2018, lilipokea hata watoto na wanawake wajawazito, katikati ya vita.

Wewe unayeandaa kazi ya mwisho ya udaktari ao ya afya ya jamii, omba direkta wako ukurasa mmoja tu: wangapi hawakuingia, kwa nini, na walijaribiwa namna gani. Picha utachora mwenyewe. Muda njo bei kubwa: mazungumzo ya dakika 20 yanaweza kula saa nzima, basi uyaweke kwenye bajeti toka mwanzo.